Kura ya Mfereji

Niliolewa Mang'ola nikitokea Kansay, na jambo la kwanza lililonishangaza kule bondeni ni kwamba maji yana mwenyekiti. Kwetu Kansay maji yanatoka mbinguni. Unapanda mahindi na mbaazi, unatazama mawingu, na mvua ikigoma inamgomea kila mtu. Mang'ola ni joto na upepo wenye vumbi, na mvua inapita kama mgeni asiyetaka kukaa. Kinacholisha watu ni mfereji. Unaanzia kwenye chemchemi, unakatiza mashamba ya vitunguu kuelekea upande wa ziwa, na una umoja wake wa wakulima. Umoja una kamati, una zamu, na una mgawa maji, yaani mtu anayefungua na kufunga milango ya mfereji. Ukikosa zamu yako wiki za jua kali, vitunguu vinakufa huku unavitazama.

Mume wangu ni dereva wa lori. Anabeba vitunguu kupeleka Arusha na mbele zaidi, kwa hiyo maisha yangu ya ndoa nimeyaishi zaidi na mama yake kuliko na yeye. Tulikaa kiwanja kimoja, nyumba yetu ikiwa nyuma ya nyumba yake, na kila asubuhi tulitoka pamoja kwenda shambani. Mama mkwe wangu alikuwa mjane. Mumewe alifariki watoto wakiwa bado shule ya msingi, akamwachia shamba la vitunguu kando ya mfereji. Alilima hapo, akawasomesha watoto kutoka hapo. Ni mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka na sauti ya chini. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, hata kwa mbuzi.

Mkutano wangu wa kwanza wa umoja ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji. Wanaume walikaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa shuleni, sisi wanawake tukatandika kanga chini, pembeni. Walikuwa wanaamua kama mgawa maji aendelee au aletwe mwingine. Mwenyekiti akasema wanaokubali aendelee wanyooshe mikono, na mama, ndivyo nilivyomwita mama mkwe wangu, akanyoosha wake. Katibu akahesabu akipitisha kidole juu ya vichwa vya mabenchini. Alipofika benchi la mwisho akaacha, akaandika jumla yake, akakaa. Mkono wa mama ulikuwa bado juu. Hakuna aliyemwambia aushushe wala aliyecheka. Nikaelewa kwamba wamemzoea.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hawakumhesabu. Akanieleza bila kinyongo chochote. Mumewe alipofariki, wazee wa ukoo walikaa wakasema abaki alime na alee watoto pale. Kwa hilo aliwashukuru na anawashukuru mpaka leo, maana anawafahamu wajane waliofukuzwa pamoja na vyungu vyao. Lakini kwenye umoja wa mfereji jina la marehemu lilifutwa likaandikwa la mdogo wake, ambaye ni fundi wa magari mjini Karatu. Katiba ya umoja ilisema mwenye kura ni mwenye shamba, na mwenye shamba alikuwa ni yule.

"Kwa hiyo kura ya shamba letu iko Karatu," alisema, "chini ya gari."

Tukaenda kidogo. Kisha akasema jambo ambalo nimelirudia kwa watu wengi tangu siku ile. "Rais wa nchi hii namchagua mimi. Mbunge namchagua, diwani namchagua. Anayenifungulia maji ndiye simchagui."

Na kweli alikuwa anachagua. Kwa uchaguzi wa nchi mama hakuwa na mchezo. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anaoga, anavaa gauni lake la kanisani, anatangulia kwenye foleni. Siku moja tukikata majani ya vitunguu kivulini alinisimulia kura yake ya kwanza, enzi zile ambapo wagombea wawili walipewa alama ya jembe na alama ya nyumba ili hata asiyejua kusoma asipotee. Alikuwa ameolewa karibuni. Mumewe alimwelekeza tangu wanatoka nyumbani kwamba familia yao ni nyumba. Akaitikia. Akaingia, akakaa peke yake na karatasi yake, akaweka alama kwenye jembe. Jioni mumewe akamuuliza kama alikosea, akamjibu hakukosea, akamtilia uji.

"Hakuwahi kujua?" nilimuuliza.

"Alijua," alisema. "Jembe lilishinda, nikashindwa kuficha meno."

Nilimpenda sana siku ile. Mimi mwenyewe nilikulia kwenye nyumba ambayo baba alisema na sisi tukafanya, na sikuwahi kujiuliza mama yangu mzazi aliweka alama wapi alipokuwa akienda kupiga kura. Nilipofika Kansay kumsalimia, nikamuuliza. Alinitazama kama niliyemuuliza mambo ya chumbani, akasema ile ni siri yake na Mungu.

Shida ya kukosa kura kwenye mfereji haikuwa ya heshima tu. Zamu za maji zilipangwa mkutanoni, na wasio na sauti mkutanoni walijikuta mwisho wa zamu, wakati maji yameshapungua na mfereji unavuta tope. Wajane walikuwa mwisho. Wanawake ambao waume zao wako machimboni au mjini walikuwa mwisho. Mimi nilikuwa nakasirika, nikisema tunaonewa. Mama alikuwa haniungi mkono katika hilo. Alisema wale wanaume anawajua, wengine walibeba jeneza la mumewe, hawamuonei, wanamsahau tu. "Ila jaruba lililosahauliwa," alisema, "linakauka sawasawa na lililoonewa."

Kulikuwa na mama mmoja wa Kidatoga, mfugaji, aliyekuwa akituletea maziwa. Yeye na mama walikuwa marafiki wa muda mrefu, ingawa kila mmoja alikuwa akikiongea Kiswahili kwa namna yake. Asubuhi moja mama alimlalamikia habari za mikutano. Yule mgeni akasikiliza, kisha akaeleza kwamba kwao wanawake wana baraza lao. Mwanaume akimtendea mwanamke jambo lisilotendeka, hasa mwenye mimba au aliyetoka kujifungua, wanawake wanakusanyika, wanamsikiliza, wanamtoza ng'ombe.

Mama akamuuliza, "Na akikataa kulipa?"

Yule mama alishangaa swali lenyewe. "Anakataaje?" akasema.

Mama akainuka. Alimpimia chumvi ya mifugo aliyokuwa amemwekea, wakaagana. Lakini siku nzima tukipalilia nilimwona ana jambo kichwani, maana alikuwa akisimama katikati ya mistari akitazama mfereji.

Mkutano uliofuata, ilipofika ajenda ya mengineyo, aliomba kusema. Mwenyekiti wetu ni mzee wa kanisa, mtu mpole aliyechoshwa na ugomvi wa maji. Alimruhusu. Mama akauliza, kwa sauti ile ile ya chini iliyowafanya watu wa nyuma wainame kusikia, kwamba kila mwaka kabla ya kiangazi mfereji unasafishwa, je, ni nani wanaosafisha? Mwenyekiti akasema ni wanachama. Mama akasema yeye miaka yote amewaona wanawake, na vijana wachache, na wanachama amewaona hapa kwenye mabenchi. Watu wakacheka, hata wanaume. Akaomba basi anayeingia mferejini na jembe ndiye awe mwanachama, mwanaume au mwanamke, na apige kura. Mwenyekiti akasema hoja ni nzuri, itajadiliwa mkutano ujao. Mkutano ujao haikujadiliwa. Uliofuata ikasogezwa tena.

Ndipo akaanza kutembea. Jioni, baada ya kazi, alikuwa anachukua fimbo yake na kwenda nyumba moja au mbili, na mara nyingi nilimsindikiza. Hakuhutubia. Alikaa jikoni, akasaidia kuchambua mboga, akauliza habari za watoto, na mwisho wa maongezi akasema anachoomba. Wengine walikubali mara moja. Wengine waliogopa waume zao, na hao hakuwasukuma. Aliwaambia waje tu siku ya mfereji kama kawaida, na majembe yao. Kuna mmoja alimwambia hayo mambo ya kugombania kura ni ya wasomi wa mjini. Mama akamjibu kwamba wasomi wa mjini wana bomba.

Siku ya kusafisha mfereji tulifika wote. Nakumbuka hewa ilikuwa bado ya baridi kidogo na matete yamejaa mferejini yakiwa na umande. Kwa kawaida tungevua viatu, tukafunga kanga viunoni na kuingia kwenye tope. Safari hii mama alitua jembe lake ukingoni, akaukalia mpini, akanyoosha miguu. Mimi nikakaa kando yake. Halafu mmoja mmoja, wanawake wote wakakaa, mstari mrefu ukifuata mfereji kadiri nilivyoweza kuona. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakiwa kimya namna ile. Nilikuwa naogopa. Nilifikiri mume wangu atasikia njiani, nikafikiri mama yangu Kansay atasikia.

Mwenyekiti alikuja na pikipiki. Aliipaki, akavua kofia, akatusalimia, tukamwitikia vizuri.

"Mama," akamwambia mama mkwe wangu, "mbona kazi haianzi?"

"Tumeshafika, mwenyekiti," alisema. "Tunawasubiri wenye mashamba."

Mzee yule alisimama akitutazama. Nadhani alikuwa anatafuta hasira asiipate, maana hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyekuwa amekataa kufanya kazi. Akawasha pikipiki akaondoka. Baada ya muda wanaume walianza kuja, wawili watatu, wengine wakiwa na majembe ambayo ilionekana wazi yameazimwa kwa wake zao. Walivyoanza kuvua viatu, mama akainuka, akafunga kanga kiunoni, akaingia mferejini wa kwanza, nasi tukamfuata. Tukafanya kazi pamoja. Wanaume wengine hawakuwa wamekanyaga tope lile tangu ujana wao, na mmoja aliteleza akakaa chini, tope likamfika kifuani. Aliyemshika mkono kumwinua alikuwa mama. Jua lilipofika utosini tulikuwa tumefika mbali, na mwenyekiti, naye akiwa na tope magotini, akatangaza kwamba mkutano wa kujadili ile hoja utafanyika wiki inayofuata.

Mama hakushangilia. Alisema kabla ya mkutano lazima aende Karatu kwa shemeji yake, kwa sababu jina lililoandikwa ni lake, na si vizuri asikie mambo kutoka kwa watu wengine. Nikaenda naye. Baba mdogo, kama tunavyomwita nyumbani, ana gereji kando ya barabara kuu, ile inayokwenda geti la Ngorongoro, na kazi yake kubwa ni magari ya watalii yanayorudi kreta yakiwa yamevunjika springi. Tulimkuta amelala chini ya Landkruza, miguu tu ndiyo inaonekana. Mama akachuchumaa karibu na gurudumu, akasalimia ile miguu.

"Shemeji, mbona hukupiga simu?" sauti ikatoka chini ya gari.

"Jambo lenyewe si la simu."

Akamweleza yote pale pale, amechuchumaa, huku bisibisi inagonga chuma na dereva wa gari anasubiri amekunja mikono. Kisha baba mdogo akatoka, akafuta mikono kwa tambara, akafikiri. Si mtu mbaya. Alisema hata yeye amechoka kuitwa kwenye mikutano ya vitunguu ambavyo hajui vinapandwa lini. Alikuwa na wazo ambalo aliona litamfurahisha mama: jina lake lifutwe, aandikwe kijana, yaani mume wangu. Ameshakuwa mtu mzima, ni damu ya ukoo, wazee hawatanung'unika, na kura itakuwa imerudi nyumbani kwa mama. Alitununulia soda akaturudisha stendi mwenyewe.

Mama alimshukuru. Njia nzima alitazama nje ya dirisha, na mimi sikumuuliza anawaza nini, maana aliyetajwa alikuwa ni mume wangu.

Mume wangu alirudi safari siku mbili baadaye, na mama mwenyewe ndiye aliyempa habari. Tulikuwa uani tunachambua vitunguu, vikubwa huku, vidogo kule. Nilimwona mume wangu akifurahi. Alikuwa na haki ya kufurahi, ni shamba la baba yake. Akasema sasa ni vizuri, tatizo limekwisha.

"Limekwisha la nani?" mama akauliza.

Akaokota kitunguu kikubwa, akakitupa kule kwa vidogo.

"Shamba hili ni lako nikifa, sijawahi kusema vinginevyo," mama alisema, mikono ikiendelea na kazi. "Lakini kwanza waliniruka wakampa baba yako mdogo. Sasa waniruke wakupe wewe. Mimi nitafikiwa lini?"

Mume wangu aliinuka akaenda kukagua matairi ya lori, ambayo alikuwa ameshayakagua. Tulipokuwa peke yetu aliniuliza kama na mimi nataka kura ya mfereji. Aliuliza kwa upole, akitaka kweli kujua. Nilikuwa nimetembea nyumba kwa nyumba na mama, nimekaa ukingoni na jembe, lakini nilikuwa nayafanya yote kwa ajili yake. Nikasikia mdomo wangu unasema ndiyo, naitaka. Nikashangaa nilivyoitaka. Aliitikia kwa kichwa, na hadi siku ya mkutano sikujua anafikiria nini.

Siku hiyo watu walijaa hadi kwenye uzio. Mabishano yalikuwa marefu. Mzee mmoja alisema nyumba ina kichwa kimoja, na kichwa kikisema mwili wote umesema. Kijana mmoja, ambaye alikuwa na shamba lakini hajaoa, alilalamika kwamba wenye wake watakuwa na kura mbili nyumbani na yeye moja. Mtu akamwambia aoe, na kicheko kile kilisaidia sana kupoza mambo. Mwisho mwenyekiti akainuka na suluhisho. Alisema katiba ya umoja haina haja ya kuguswa. Kwa wajane wenye watoto wa kiume waliokua, waandikwe hao watoto. Akamwonyesha mume wangu kwa mkono, akasema mfano tunao hapa hapa, kijana wetu dereva, mtu anayeheshimika.

Mabenchi yakanung'unika kwa kukubali. Niliona mabega ya mama yakishuka kidogo.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma na madereva wenzake. Akavua kofia. Hakuwa mzungumzaji.

"Nashukuru, mwenyekiti," alisema. "Lakini mimi mfereji nauona nikipita na lori. Anayelima pale ni mama, na mke wangu. Mkiniandika mimi mtakuwa mmeandika mtu ambaye hayupo, kama mwanzo."

Baba mdogo naye alikuwa amekuja kutoka Karatu, bado na nguo za gereji. Akasimama akasema yule mtu ambaye hayupo ni yeye, na kwamba kuanzia leo jina lake litolewe, aandikwe shemeji yake. Akakaa.

Basi ikabidi ipigwe kura, na waliopiga walikuwa wenye kura, yaani wanaume na wanawake wachache mno walionunua mashamba kwa majina yao. Sisi wengine tulikaa kwenye kanga zetu tukisubiri kuamuliwa kama tunaweza kuamua. Sijui kama kuna kungoja kubaya kuliko kule. Nilimtazama mama. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani. Katibu alihesabu mara mbili, kwa sababu waliokubali waliwazidi waliokataa kwa wachache sana. Alipotangaza, mwanamke mmoja nyuma yangu alipiga kigelegele, na mama akageuka akamwonyesha ishara anyamaze, kwa kuwa mkutano haujafungwa na bado kulikuwa na ajenda ya ukarabati wa kingo.

Nimesikia masimulizi ya wanawake wa nchi za mbali waliofungwa jela, wakagoma kula, ili tu waruhusiwe kuweka karatasi sandukuni. Nimesikia pia habari za bibi zetu wa hapa hapa, waliouza maandazi na kuimba kwenye mikutano ya kudai uhuru, na uhuru ulipokuja wakaingia kwenye kura pamoja na wanaume bila kuambiwa wasubiri. Nawaheshimu wote. Lakini mimi nikifikiria watu hao wanakuja na sura ya mama mkwe wangu, ameketi juu ya mpini wa jembe, ananong'ona kwamba nisitikise miguu, nitaonekana nina wasiwasi.

Mwisho wa mwaka ule ulikuja uchaguzi wa kamati. Wanawake walimsukuma agombee ugawa maji, na akakubali. Kwa uchaguzi huo wapiga kura walipanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Nilisimama nyuma yake, karibu kabisa, nikiona shingo yake na ukosi wa gauni la kanisani. Mstari wetu ulikuwa mrefu, lakini wa mwenzake ulikuwa mrefu zaidi, na hata baadhi ya wanawake tuliokaa nao ukingoni walikuwa kwenye mstari ule. Nilijawa na hasira. Mama akaenda akampa mkono mshindi, akampongeza, akamwambia asisahau mashamba ya chini.

Nyumbani nilimtengea chai nikitafuta maneno ya kumfariji, nikakuta hana haja nayo. Alikuwa na furaha ambayo sikuielewa mara moja.

"Leo nimeshindwa kwa kura," aliniambia. "Zamani nilikuwa sishindi wala sishindwi."

Alisema pia kwamba wale wanawake waliosimama mstari mwingine hawajamkosea. Kama angetaka wote wasimame anapotaka yeye, basi angekuwa ndiye marehemu mumewe na ile alama ya nyumba. Hilo lilinichukua siku kadhaa kulikubali, na sina hakika kama nimelikubali lote.

Zamu za maji zilibadilika polepole. Mgawa maji mpya alijua kwamba mashamba ya chini nayo yana mikono inayohesabiwa, akaanza kupita huku kwetu kuuliza hali. Uchaguzi uliofuata mama aligombea tena, na safari hiyo akapita. Alikuwa ameshazeeka kidogo, magoti yanamsumbua, lakini alizunguka mfereji ule na buti zake za mpira akifungua hapa na kufunga kule, na watu wa juu ya mfereji na wa chini wakalalamika kwa usawa, jambo ambalo mwenyekiti alisema hajawahi kulisikia tangu umoja uanze.

Mwaka huo mimi na mume wangu tulikuwa tumekodi shamba letu wenyewe, chini kidogo ya la mama. Ilikuwa wiki ya jua baya na vitunguu vyangu vilikuwa vimeanza kulaza majani. Zamu yetu ilikwisha maji yakiwa yamefika nusu ya majaruba. Nilimwona mama anakuja ukingoni kufunga mlango wetu, nikamkimbilia. Nilimwomba aniachie kidogo tu, majaruba yaliyobaki ni machache, na anayefuata bado hajafika shambani kwake. Nilimwambia, mama, ni mimi.

"Nakuona, mwanangu," alisema.

Akashusha mlango, akaubana kwa jiwe, akatazama kama kuna tone linalovuja. Kisha akaniambia zamu yetu inarudi baada ya siku tatu, niende nikaweke nyasi juu ya mashina ili udongo usipoteze unyevu, na kwamba jioni niende kwake, amepika makande. Akaendelea na njia yake kufuata mfereji, akitembea haraka kwa mtu mwenye magoti mabaya. Nilibaki nimesimama na jembe langu, nimemkasirikia kutoka moyoni, na nilipomtazama anavyoinama kwenye mlango wa jirani na kuufungua, nikaona sitaki mtu mwingine aushike mfereji ule. Nikaenda kutafuta nyasi.